Msikate sahihi ya mchoraji

Mhariri,

Wiki jana niliingia mkahawa mmoja hapa Nakuru kunywa chai, nikakuta jalada la jarida la Joe limekuzwa, limejaza ukuta mzima. Moyo ulinidunda kwa furaha. Niliposogea nitafute sahihi ya mchoraji, sikuiona. Pembe ile ilikuwa imekatwa ili picha itoshee fremu.

Mimi nimechora mabango ya maduka na ubavu wa matatu kwa miaka 31, na darasa la sanaa sijawahi kuliingia. Mwalimu wangu alikuwa Terry Hirst, yule Mwingereza aliyekuja Kenya kufundisha uchoraji akabaki huku huku, ingawa hatukuonana hata siku moja. Kaka yangu alikuwa karani Nairobi. Kila aliporudi nyumbani mwisho wa mwezi alituletea Joe, jarida ambalo Hirst na mwanahabari Hilary Ng'weno walilianzisha 1973. Lilikuwa la Kiingereza, nami Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kuokoteza. Lakini jalada nililisoma lote. Watu wa mjini wamesongamana, na kila mmoja ana sura yake, hata yule wa nyuma kabisa aliyepewa mistari mitatu tu! Niliweka karatasi nyepesi juu yake nikafuatisha kwa penseli, jioni baada ya jioni, mpaka mkono wangu ukajua wapi brashi inabonyezwa na wapi inainuliwa.

Ninayo matoleo 14. Nafurahi sana kuona vijana sasa wanayatafuta na kuyatundika, maana kwa miaka mingi niliyaona yakifungiwa karanga. Ila nawasihi, msiyang'oe majalada. Juzi muuzaji wa vitabu vikuukuu alinionyesha rundo la majalada matupu, kurasa za ndani ameshazitupa. Huko ndani mlikuwa na hadithi na katuni za miaka ile, na jarida lilifungwa 1979, halichapwi tena.

Tundikeni nakala, jarida lenyewe likae kabatini, pakavu. Mkitaka lazima kutundika lenyewe, lisikae mkabala na dirisha. Jua huanza na nyekundu, kisha manjano, mnabaki na picha ya buluu iliyopauka. Nimeyaona hayo kwenye mabango yangu mwenyewe. Kioo kisiguse karatasi, kwani ikiingia unyevu vitagandana. Selotepu msiikaribishe kabisa. Pini za katikati zikishika kutu, zitoeni taratibu, mshone kwa uzi.

Na jina la mchoraji liandikwe. Kijana mwenye mkahawa aliniambia hakujua kama picha ile ina mwenyewe. Aliikuta kwenye simu, akaipenda. Sikumlaumu. Nimemwahidi kibao kidogo cha mbao, nitakiandika kwa brashi yangu: Terry Hirst, Joe, Nairobi. Rangi ya kwanza imeshakauka. Jumamosi nitampelekea.

Mchora mabango mstaafu,
Nakuru