Akiba ya oksijeni ya ukurasa wa michezo

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe ushauri uliotoka kwenye ukurasa wenu wa michezo Jumamosi iliyopita. Mwandishi aliwaambia waogeleaji wapumue harakaharaka kabla ya kupiga mbizi ili "wajaze akiba ya oksijeni". Nimefundisha kuogelea miaka 22. Ushauri huohuo, nilioupokea nikiwa na miaka 17, ulinifikisha chini ya bwawa.

Nakumbuka nilivyojisikia: raha tupu. Kifua hakikunibana hata kidogo. Niliona vigae vikipita chini yangu, nikavuka mstari wa pili, wa tatu, kisha basi, sikumbuki tena. Aliyenivuta juu kwa nywele ni binti aliyekuwa akingoja zamu yake ukingoni.

Ndani ya shina la ubongo, pale kichwa kinapokutana na shingo, kuna kikundi kidogo cha seli za neva kinachopiga mdundo wa kupumua usiku na mchana. Kilitambulishwa mwaka 1991 na Jack Feldman, Jeffrey Smith na wenzao. Kipande chembamba cha ubongo wa kitoto cha panya kiliendelea kutoa mdundo huo kikiwa peke yake kwenye chombo. (Wanakiita preBötzinger, chimbuko la jina hilo ni divai ya Kijerumani. Wanasayansi nao ni watu.) Amri hushuka kwenye uti wa mgongo, hufuata neva hadi kwenye kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, nacho kikishuka, hewa inaingia.

Sasa, mdundo huo huharakishwa hasa na kabonidioksaidi. Ikizidi, damu na majimaji ya ubongo huongezeka asidi, seli jirani zinahisi, na ndipo unapobanwa mpaka huvumilii. Vipimaoksijeni tunavyo pia, shingoni, kwenye mishipa mikubwa ya damu, ila huwa havipigi kelele kubwa mpaka oksijeni imeshuka sana.

Mtu mzima wa afya aliyetulia, damu yake tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Akihema mara ishirini haongezi cha maana. Anachofanya ni kufukuza kabonidioksaidi, yaani anamziba mdomo mlinzi. Akiwa chini ya maji oksijeni inakwisha kimyakimya, na anazimia kabla hajatamani kuvuta pumzi. Kile kizunguzungu ambacho mwandishi wenu alikiita "dalili kwamba mwili umejaa" hutokea kwa sababu kabonidioksaidi ikipungua, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa.

Wanafunzi wangu wawili walikuja Jumatatu na ukurasa huo wameukunja mfukoni, wakitaka tujaribu. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: sahihisho litoke palepale kwenye michezo, tena kwa herufi kubwa. Huku kwenye barua vijana wangu hawafiki.

Mwalimu wa kuogelea