Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: aliyelala garini mwacheni alale

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Mi ni dereva na hii naiandika macho bado mazito, maana jana saa nane usiku mgambo wako kanigongea kioo kwa kitako cha tochi, kanimulika usoni, eti "we hapa hapalalwi, toa gari". Sijaziba geti la mtu, siko barabarani, injini nimezima, siti nimeilaza, viatu nimevua. Kibao cha pale kinasema marufuku kupaki usiku, basi, kuanzia saa ngapi hakisemi. Nikamuuliza sasa niende wapi mkuu, akasema popote ila sio hapa.

Nikawasha nikaondoka. Mbele kidogo nikashtushwa na tairi limeshaingia kwenye changarawe za pembeni, kumbe nilishasinzia na usukani mkononi. Mheshimiwa, watafiti wamepima, mtu aliyekesha masaa 17 uwezo wake unashuka kama wa mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, akifika masaa 24 ni kama 0.10. Yaani mlevi mnamkataza asiwashe gari, mi mwenye usingizi mnanilazimisha niwashe!

Najua wapo wanaogeuza barabara nyumba, gari wiki nzima haliondoki na maji machafu wanamwaga mtaroni, hao wapigeni faini siwatetei. Ila kosa liwe hilo la kumwaga na kuziba njia, sio kufumba macho. Los Angeles walikuwa na sheria ya kukataza watu kuishi kwenye magari, mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikaitupa kwa sababu haieleweki, mtu hawezi kujua kipi kimekatazwa na kipi ruksa. Kama kibao chako tu.

Na huyo mgambo akikuta mtu kalala injini inaunguruma vioo juu, hapo agonge hata kwa ngumi, moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina harufu, unalala huamki. Hiyo ndo doria ya maana.

Ninachoomba: kibao kiandikwe masaa, na mtutengee kiwanja chenye taa na choo, hata kama tutalipia kidogo. Leo usiku narudi na njia hiyo hiyo, kwenye saa saba hivi ntakuwa pale pale, naomba mwambie huyo kijana.