Saratani wameitoa, lakini nashindwa kumwambia kaka yangu kwamba naumwa

Ndugu mshauri, na ninyi wasomaji wenzangu,

Asalaam aleykum. Wasiosalimiana hivyo nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mjane wa miaka 52, mkazi wa Ujiji, Kigoma. Nimelea watoto wawili kwa biashara ya dagaa: nanunua alfajiri mwaloni Kibirizi, naanika, nafunga magunia ya kwenda Tabora na Dar es Salaam. Naandika kwa sababu kuna jambo nimelificha karibu wiki mbili, na niliowaficha ni hao hao wanaonitunza.

Ugonjwa ulianzia chini ya kisigino cha kushoto. Palitokea doa jeusi, nikadhani mwiba umevunjikia ndani, kisha nikadhani funza, maana mwaloni tunashinda peku. Nikachokoa kwa sindano, nikakwangua kwa wembe, nikapaka dawa za miti. Mwaka ukapita doa likipanuka, hadi likaanza kutoa damu nikikanyaga. Ndipo nikaenda hospitali, wakakata kinyama kidogo wakapeleka kupima. Jibu likaja: melanoma, saratani ya ngozi.

Nilimbishia daktari. Saratani ya ngozi niliyoijua ni ile inayowapata ndugu zetu wenye ualbino kwa ajili ya jua, na mimi ni mweusi tii. Akanieleza taratibu kwamba melanoma kwa sisi weusi hupenda mahali ambapo jua halifiki: nyayo, viganja, chini ya kucha. Kijana wangu naye akasema ndiyo hiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Haya nimeyaweka mapema katika barua kwa makusudi. Mwenye doa jeusi unyayoni linalokua asikae nalo mwaka mzima kama mimi.

Dar es Salaam walikata sehemu ya kisigino, wakaziba kwa ngozi ya pajani, wakatoa na tezi za kinena kwa kuwa moja ilikutwa na saratani. Kidonda kilifunga ndani ya miezi miwili na siku kidogo. Nikatembea kwa fimbo, nikarudi mwaloni, nikala ugali wa muhogo na migebuka kama zamani. Ndipo nikaitwa tena, nikaambiwa ipo dawa ya kuzuia isirudi.

Dawa hii si kemo. Jina lake ni pembrolizumab, wauguzi wanaiita pembro kwa kifupi. Alivyonieleza daktari, mwili una askari wake, na askari hao wamewekewa breki wasije wakashambulia mwili wenyewe. Saratani ina ujanja wa kuikanyaga breki hiyo, askari wakapita mbele yake bila kuigusa. Dawa inaiachia breki. Ubaya wake ni kwamba askari walioachiwa wanaweza kugeukia hata viungo vizima: utumbo, ini, mapafu, tezi. Unawekewa dripu nusu saa, kila baada ya wiki 6, kwa mwaka mmoja, jumla dozi 9. Hakuniahidi kwamba haitarudi kamwe; alisema uwezekano wa kurudi unapungua. Bei yake tusingeiweza hata tungeuza nyumba. Daktari alinitafutia nafasi katika mpango wa msaada, kwa hiyo dawa naipata bure. Vipimo vya damu, nauli na kukaa Dar ni juu yetu.

Hapo kaka yangu akauza mashine ya mtumbwi wake.

Sikumwomba. Alikuja jioni, akaweka fedha juu ya mkeka, akasema, "Dada, ziwa halihami." Siku hizi anavua kwa kibarua kwenye vyombo vya watu, na wifi yangu anaamka saa tisa usiku kukaanga mandazi. Wifi hajanitamkia hata siku moja neno la kuniumiza, na bado ananiletea mandazi ya moto kabla hajawauzia wateja. Ningepata nafuu kama angenung'unika.

Nimeshapata dozi 6. Niwaeleze ninavyoishi.

Kwanza uchovu. Uchovu wa kubeba magunia naujua, ukilala unaisha. Huu naamka nao. Nakaa kitandani naitazama kanga yangu iliyotundikwa msumarini, naona ni mbali. Baada ya dozi ya 3 nikaanza kusikia baridi, Kigoma hii hii, mchana, najifunika blanketi. Sauti ikawa nzito, uso ukajaa. Vipimo vikaonyesha kwamba tezi ya shingo imeshambuliwa, haitengenezi tena homoni yake ya kutosha. Nameza kidonge cha levothairoksini kila asubuhi kabla sijala kitu, na nimeambiwa huenda kikawa cha maisha. Kimenisaidia, baridi imeondoka. Nguvu hazikurudi zote.

Kisha mguu. Tangu tezi za kinena zitolewe, mguu wa kushoto hujaa jioni, watu wanadhani nina matende. Na mikononi na kando ya mdomo nimetoka mabaka meupe. Daktari hakushtuka nayo. Alisema kwa wagonjwa wa melanoma hutokea, kwa sababu askari wanazishambulia chembe zinazotia ngozi rangi, na saratani yangu ilizaliwa humo humo. Mtaani nimweleze nani hayo? Wapo wanaosema nimejichubua kwa mkorogo. Wengine walisikia natumia dawa ya kinga ya mwili, wakamaliza wenyewe kwamba ni UKIMWI na nimeuficha. Nywele zangu ziko kichwani, sijakonda, kwa hiyo hawaamini kwamba natibiwa saratani. Mteja wangu wa miaka kumi siku hizi ananunua kwa jirani.

Haya yote ningeyabeba. Lililonishinda ni tumbo.

Baada ya dozi ya 6 nilipumzika Dar siku kadhaa, kisha nikapanda treni. Safari ya kurudi Kigoma ni karibu siku mbili. Hata Dodoma hatujafika, tumbo likaanza kukata. Hadi tunaingia Tabora nilikuwa nimekwenda chooni mara nisizozihesabu, behewa linayumba, nami kisigino changu hakishiki chini vizuri. Binti yangu ameolewa Tabora. Kila nikipita huja stesheni na chupa ya uji na asali. Siku hiyo alinipokea dirishani, akaniuliza, "Mama, hujambo?" Nikamwambia sijambo, nikatabasamu hadi treni ilipoondoka. Uji ule nikampa mama mmoja mwenye watoto aliyekaa mbele yangu.

Tangu hapo naharisha mara tano, sita kwa siku, siku nyingine na utelezi. Zahanati niliyokwenda walinipa dawa ya amiba. Kijana aliyenihudumia hakuwahi kusikia dawa ninayotumia, na mimi sikumweleza sana. Ndani ya mkoba wangu ninayo kadi niliyopewa kliniki. Imeandikwa wazi: ukiharisha mara 4 au zaidi juu ya kawaida yako, ukikosa pumzi, macho yakiwa ya njano, piga simu siku hiyo hiyo. Nesi alinisomea kwa mdomo wake. Akasema utumbo ukiachwa hivyo unaweza kutoboka, na ukiwahiwa unatulizwa kwa vidonge vya prednisoloni. Akasema pia kwamba hata mtu akishamaliza dozi zote, madhara yanaweza kumjia miezi baadaye, kwa hiyo kadi isitupwe.

Sikupiga. Najua wataniambia dozi ya 7 isubiri, au dawa ikome kabisa. Naogopa kupoteza nafasi yangu. Naogopa zaidi kaka yangu ajue kwamba mashine aliyoiuza ilinifikisha dozi ya 6 tu. Na lipo jingine, ambalo sijamwambia mtu yeyote: usiku nikiwa chooni, kuna sehemu ya moyo wangu inayotamani waisimamishe. Kabla ya dripu ya kwanza nilikuwa nafanya kazi. Kilichonilaza si saratani, ni dawa ya kuizuia. Nikiwaza hivyo naomba msamaha kwa Mungu, maana kliniki nimekaa benchi moja na wenzangu waliokosa nafasi hii, na mmoja wao sijamwona tena.

Barua hii nimeiandika kwa siku tatu, na kuhusu nesi nimekwishaamua. Nitampigia kesho asubuhi kabla sijatoka mlangoni, msihangaike kunihimiza. Ninachoomba ushauri ni mengine.

Wale mliopitia dawa hii, au mliomuuguza aliyeipitia: mliamuaje? Mkiwa mmebakiza dozi 3 mliomba kupumzika, au mlivumilia? Nasikia dawa hii haitoki mwilini mara moja, kwamba kazi yake huendelea miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Je, daktari wenu aliwaeleza hivyo? Na mgonjwa akimwambia daktari, "Nimechoka, siku ninazoongezewa nazimaliza kitandani," anaonekana hana shukrani kwa msaada, au ni jambo linalopaswa kuandikwa kwenye faili kama majibu ya damu? Mimi kliniki naulizwa, "Kuna tatizo?" nami najibu hakuna, kwa kuwa nyuma yangu kuna foleni.

Na wewe mshauri, nisaidie kwa kaka yangu. Kila Ijumaa baada ya swala hupitia kwangu, anakaa barazani, anauliza, "Zimebaki ngapi, dada?" Namwonyesha vidole. Vilikuwa tisa, sasa ni vitatu, na kila kimoja kikipungua uso wake huchangamka. Nikisimamishwa vitabaki vitatu siku zote. Sitaki kumdanganya tena, wala sitaki aondoke barazani kwangu akiamini alitupa mashine yake bure. Nipeni maneno ya kuanzia.

Mama wa Ujiji,
Kigoma