Shatila si mauaji ya 1982 tu

Ndugu Mhariri,

Kambi ya Shatila, ya wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut, Lebanon, wengi tunaijua kwa mauaji ya Septemba 1982, wanamgambo walipowaua raia humo, basi. Naomba nafasi nizungumzie wanaoishi humo leo.

Ilianza mwaka 1949 kwa mahema ya watu waliokimbia vijiji vya kaskazini mwa Palestina, wakitumaini kurudi karibuni. Sasa wamo vitukuu wao. Eneo halikuongezwa, kwa hiyo nyumba zimepanda, ghorofa juu ya ghorofa, hata vichochoro vya chini vina giza mchana. Vichwani nyaya za umeme zimesukana na mipira ya maji. Mvua ikinyesha watu hupita kwa hofu, maana wapo walionaswa wakafa. Maji ya bomba yana chumvi, ya kunywa hununuliwa.

Linaloniuma zaidi ni sheria. Mpalestina aliyezaliwa Lebanon, na baba yake akazaliwa hapo hapo, haruhusiwi kufanya kazi ya udaktari wala uwakili, na tangu 2001 hawezi kununua hata chumba kimoja. Shule za UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, zinamsomesha mtoto huyo. Akimaliza, aende wapi?

Msomaji wenu,
Morogoro