Ndugu yangu, faini ikishatangazwa nani anafuatilia malipo?

Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mama anaendelea vizuri na miguu imepungua kuvimba, asante kwa kumuulizia.

Ujumbe wako kuhusu Nigeria kuitoza faini Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, nimeusoma na furaha yako nimeiona. Unasema angalau serikali moja Afrika imethubutu kuwaambia wakubwa wa mitandao kwamba sheria ni sheria, kisha unauliza kwa nini Kenya yenu na Tanzania yetu haziwezi kufanya vivyo hivyo. Nilitaka kukujibu kwa simu nikaona haitatosha. Jambo hili limenikaa moyoni tangu mwaka 2017, kwa hiyo nivumilie, barua itakuwa ndefu.

Kwanza, niko pamoja nawe. Ile tume yao ya ushindani na kumlinda mlaji, FCCPC, iliitoza Meta dola milioni 220 mwezi Julai 2024, baada ya uchunguzi wa zaidi ya miaka mitatu. Kosa lenyewe linaeleweka hata kwa mtu asiyejua sheria. Mwaka 2021 WhatsApp ilileta masharti mapya ya faragha, na Mnigeria akaachiwa ayakubali yalivyo au akae pembeni, wakati mwenzake wa Ulaya alikuwa na kinga na hiari ambayo yeye hakupewa. Meta wakakata rufaa. Aprili 2025 baraza la rufaa likasema faini ibaki palepale. Katikati ya mvutano huo kampuni ikaandika kwenye hati za mahakama kwamba huenda ikalazimika kufunga Facebook na Instagram nchini Nigeria.

Hapo ndipo wengi walipoingiwa na ubaridi. Nimewasikia wasomi wazima wakisema Nigeria inajiharibia, wawekezaji watakimbia. Hoja hiyo inaniudhi sana. Ireland iliitoza Meta hiyohiyo euro bilioni 1.2 mwezi Mei 2023. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaitoza Google euro bilioni 4.34 mwaka 2018. Sikumsikia mtu akisema Ulaya inachukia uwekezaji. Mwafrika akidai haki ileile anaambiwa ana njaa ya pesa, na wanaomwambia hivyo mara nyingi ni Waafrika wenzake.

Sasa swali lako kuhusu Kenya. Jibu liko ndani ya sheria yenu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kamishna wa data anaruhusiwa kutoza hadi shilingi milioni 5, au hadi asilimia 1 ya mauzo ya kampuni ya mwaka uliotangulia, na katika hivyo viwili kinachochukuliwa ni kile kidogo. Kisome tena kipengele hicho, ndugu yangu. Kampuni inayoingiza mabilioni ya dola ikifanya kosa Nairobi, mwisho wake ni shilingi milioni 5. Sheria ya ushindani ya Nigeria ya mwaka 2018 inaruhusu kufika asilimia 10 ya mauzo. Kwa hiyo usimlaumu kamishna wenu kwamba ni mwoga. Amekabidhiwa kiboko cha bua. Waulize wabunge waliokaa wakakipitisha kipengele hicho.

Lakini hayo si yaliyonifanya nishike kalamu. Furaha ya siku ya tangazo ninaijua, na ninajua ilikotupeleka sisi.

Unakumbuka sakata la makinikia. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje, makontena 277 yakakwama bandarini hapa Dar, kamati ya Profesa Mruma ikapima, kamati ya Profesa Osoro ikapiga hesabu za kiuchumi na kisheria, na Julai kampuni ya dhahabu ya Acacia ikapelekewa deni la kodi, riba na adhabu la dola bilioni 190. Kwa pesa yetu zilitajwa shilingi trilioni 424. Kampuni ilikana. Deni hilo lilikuwa karibu mara nne ya pato la taifa zima kwa mwaka.

Siku habari hizo zilipovuma nilikuwa kwa kinyozi. Alizima mashine, mteja akiwa bado kwenye kiti na shuka shingoni, akaomba simu ya mtu agawanye trilioni 424 kwa idadi ya Watanzania. Ikaja shilingi milioni 8 na zaidi kwa kila kichwa, mpaka mtoto aliyezaliwa jana. Mtaani ndiyo siku zile watu waliposema kila mmoja wetu anastahili gari lake la Noah. Walikuwa wanacheka, lakini macho yao hayakuwa ya mzaha. Watu waliamini wameibiwa, na mimi niliamini pamoja nao. Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja wa Kahama anayesubiri zamu yake. Yeye hakugawanya chochote. Alisema tu kwamba wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, ulipo mgodi wa Acacia, mwaka 1996, kwamba alikuwepo, na anachotaka kujua ni kama katika hizo trilioni na wao wamo.

Hakuna aliyemjibu. Swali lake ninalo mpaka leo.

Mwisho wa sakata unaujua nusunusu, nikumalizie. Oktoba 2017 Barrick, wenye hisa nyingi za Acacia, walikubali kutoa dola milioni 300, zile tulizoziita kishika uchumba. Baadaye Barrick wakaichukua Acacia yote, na Januari 2020 mkataba wa Twiga, kampuni ya ubia kati yao na serikali, ukasainiwa: serikali hisa asilimia 16, na faida za kiuchumi kugawana nusu kwa nusu. Malipo ya kwanza, dola milioni 100, yaliingia Mei 2020. Siyadharau hayo hata kidogo. Hisa zile hatukuwa nazo, na bila ule ukali tusingezipata. Ila tazama tofauti: kutoka bilioni 190 hadi milioni 300, ambayo haifiki hata robo ya asilimia 1 ya deni lililotajwa. Siku ya trilioni 424 nchi ilisimama. Siku ya milioni 100 tulikuwa kwenye hofu ya corona, na hakuna mtaani aliyeuliza zimepangiwa nini.

Katikati hapo waliumia wengine. Bulyanhulu ilipunguza shughuli na wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani. Na sheria zilizobadilishwa kwa kasi mwaka huohuo zilifuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini, wenye leseni wakatupeleka kwenye usuluhishi wa Benki ya Dunia kule Washington. Kampuni moja, Indiana Resources ya Australia na wenzake, ilishinda dola milioni 109 mwaka 2023, na mwaka uliofuata serikali ikakubali kulipa milioni 90. Tundu Lissu alikuwa ameonya mapema kwamba tutaburuzwa huko, na wengi wakamwona msaliti. Weka hizo milioni 90 kando ya zile milioni 100 za Mei 2020 uone.

Ukidhani ni sisi tu, tazama kampuni ya simu ya MTN. Oktoba 2015 tume ya mawasiliano ya Nigeria iliipiga kampuni hiyo ya Afrika Kusini faini ya naira trilioni 1.04, wakati huo kama dola bilioni 5.2, kwa kuacha hewani laini zaidi ya milioni 5 zisizosajiliwa ipasavyo. Kiwango kilikuwa kimeandikwa kwenye kanuni tangu 2011: naira 200,000 kwa kila laini. Ndiyo maana kesi ile ilikuwa na miguu kuliko yetu. Boko Haram walikuwa wanaua watu, laini isiyo na jina ilikuwa silaha, na Mnigeria wa kawaida alielewa. Mkurugenzi mkuu wa MTN akajiuzulu mwezi uliofuata, hisa zikaporomoka Johannesburg, na huko walioguswa ni pamoja na watumishi wa umma ambao akiba zao za uzeeni ziliwekezwa kwenye kampuni hiyo. Kisha mazungumzo. Juni 2016 wakaafikiana naira bilioni 330, zilipwe kwa awamu ndani ya miaka mitatu. Siku chache tu baada ya makubaliano naira ikaachiwa na soko, ikaanguka kutoka kama 199 kwa dola hadi zaidi ya 280. Deni lilikuwa la naira. Kwa hiyo hata hicho kilichobaki kilinyauka bila mtu kuvunja mkataba. Awamu ya mwisho ililipwa Mei 2019, kimya kimya.

Chad nao mahakama ya N'Djamena iliamuru kampuni ya mafuta ya Exxon na wenzake walipe dola bilioni 74 mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakayamaliza kwa mazungumzo.

Kwa hiyo ninaposikia tarakimu kubwa siku hizi sipigi makofi upesi. Nasubiri. Nani atakaa kwenye meza ya maafikiano, nani atachapisha walichokubaliana, na aliyeumizwa atakuwa wapi. Hili la tatu ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Chukua North Mara. Mei 2019 NEMC, baraza letu la mazingira, waliutoza mgodi ule shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi kutoka kwenye bwawa la topesumu. Wananchi wa Nyamongo walikuwa wamelalamikia maji kwa miaka. Mto Tigithe uliwahi kuchafuliwa tangu mwaka 2009, na mto huo ndio walikonyweshea ng'ombe na kuchotea maji. Faini ya mazingira hulipwa serikalini. Mama aliyepoteza ng'ombe, au anayeogopa kumwogesha mtoto kwa maji ya mto, hana namba kwenye karatasi ile ya faini. Yeye ndiye ushahidi wa kesi, lakini si mdai. Akitaka chake lazima afungue shauri lake mwenyewe, atafute wakili wake mwenyewe, athibitishe upya kile ambacho serikali imeshakithibitisha. Wazambia wa Chingola walipitia hayohayo baada ya Mto Kafue kuchafuliwa na mgodi wa Konkola mwaka 2006. Walihangaika mahakama za nyumbani, wengine wakaishia kudai haki yao Uingereza, na hadi Januari 2021 ndipo mmiliki wa mgodi, Vedanta, alipoafikiana nao. Miaka kumi na minne na zaidi, ndugu yangu. Mtoto aliyezaliwa wakati maji yanabadilika rangi alikuwa ameshaingia sekondari.

Nisikuache na giza tupu, maana mfano mmoja mzuri tunao, na cha ajabu faini yenyewe hatukuitoza sisi. Ile rada tuliyouziwa na BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28. Waingereza waliwashtaki wenyewe, Desemba 2010 mahakama ya London ikawatoza faini ya pauni laki tano, na pauni milioni 29.5 zikabaki za kuwapa Watanzania. BAE walitaka kuzipitisha kwenye mashirika ya hisani. Wabunge wetu wakapanda ndege kwenda London kukataa, wakidai pesa irudi kwa serikali na matumizi yake yaandikwe. Mwaka 2012 ikalipwa, kwa ajili ya vitabu na madawati ya shule za msingi. Sisi tukaiita chenji ya rada. Kila mtu mtaani alijua chenji ya rada ni ya nini, hata asiyejua BAE ni nani, na kwa kuwa alijua, aliweza kwenda shuleni kwa mwanawe kuuliza madawati yako wapi. Sisemi kila shilingi ilifika. Nasema swali liliwezekana kuulizwa.

Hicho ndicho ninachokitaka kwa kila faini, hapa, kwenu na Nigeria: kiwango kiwe kimeandikwa kwenye sheria kabla ya kosa, maafikiano yachapwe gazetini kama lilivyochapwa tangazo, na sehemu ya pesa ianzie kwa aliyeumizwa kabla haijafika Hazina. Meta akilipa Nigeria, wale mamilioni ambao taarifa zao zilichukuliwa watapata nini? Nimeuliza watu kadhaa wanaofuatilia mambo haya, nao wakanirudishia habari za ukubwa wa faini.

Ndiyo maana kwa upande wenu macho yangu hayako kwa kamishna. Yako kwa wale vijana waliokuwa wakikaa Nairobi kutwa nzima kuchuja video za kuchinjana na za watoto kudhulumiwa ili sisi wengine tusizione kwenye Facebook. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa yenu ilisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya, ingawa kampuni ilidai mahakama zenu hazina mamlaka juu yake. Nilipoisoma hukumu hiyo nilifurahi kuliko nilivyofurahia dola milioni 220, kwa sababu pale wadai ni wale walioumia wenyewe, na wakishinda fidia ni yao.

Wewe una marafiki wanasheria hapo. Tafadhali waulize kesi hiyo imefika wapi na lini inatajwa tena, kisha niandikie, hata mistari mitatu. Na ukimpata mbunge wenu yeyote kwenye harusi au msibani, mwombe akueleze kile kipengele cha shilingi milioni 5. Usimwachie aondoke na jibu la juujuu.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anasema ile kanga uliyomletea bado anaivaa Ijumaa.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote