Barua ya wazi: Taka tunazoacha ziingie Themi zinaua matumbawe ya Pangani

Kwa Mheshimiwa kiongozi mwenye dhamana ya usafi na mazingira katika eneo letu.

Mheshimiwa, shikamoo, na pole kwa majukumu. Jina lako na cheo chako naviacha pembeni. Ukisoma utajitambua, na majirani zangu wa kando ya Mto Themi hawatahitaji kuuliza nasema na nani.

Ghuba la taka, yaani kizimba cha kukusanyia taka za mtaa, lililojengwa ukingoni mwa mto limebomoka. Mvua ya usiku wa kuamkia Jumapili imekula ukuta wa upande wa maji, na kulipokucha humo ndani hapakuwa na kitu zaidi ya tope jeusi na tairi moja. Vyote vilivyorundikana tangu gari la taka lilipoacha kuja vimechukuliwa na maji: pampasi, vifungashio vya plastiki, chupa za dawa, utumbo wa kuku, magunia ya nywele za saluni. Wapo waliosema afadhali, sasa harufu itapungua. Mimi nililia pale darajani, na kwa kuwa wengi walinishangaa, naona nieleze.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nimeolewa huku Arusha, nauza samaki wa bahari soko la Kilombero, na mdogo wangu bado anavua kwa mitego ya madema kule nyumbani. Kwa hiyo Themi inakoishia napajua. Inateremka hadi Kikuletwa. Kikuletwa inaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, inakokutana na maji ya Ruvu, ule wa Kilimanjaro. Na kutoka bwawani unaanza Mto Pangani, unaopita Korogwe na Hale mpaka baharini. Toka huku milimani hadi pwani ni takriban kilomita 500. Maji yale yakishatoka mdomoni mwa mto yanakutana na matumbawe. Kuna Maziwe, kisiwa kilichotengwa kuwa hifadhi tangu 1975, na kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye dunia nzima iliwahi kudhani ametoweka. Serikali hiyo hiyo unayoitumikia ndiyo iliyoweka hifadhi hizo, na kuna Sheria Na. 29 ya 1994 ya kuzilinda. Mvuvi akitupa nyavu mahali pasiporuhusiwa anakamatwa. Anayeachia ghuba zima liingie mtoni huku juu hajawahi kuulizwa.

Huku bara wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Ni mnyama, Mheshimiwa. Wataalamu waliokuja kukaa na kikundi cha BMU cha kijijini kwetu, kile cha kusimamia uvuvi ufukweni, walitueleza kwamba ndani ya nyama yake wanaishi viumbe vidogo vya mwani, na hao ndio wanaomtengenezea sehemu kubwa ya chakula kwa mwanga wa jua. Ndiyo sababu tumbawe linataka maji maangavu. Yakija na tope, mwanga unakatika na tope lile linatua juu yake na kuliziba. Yakija na kinyesi na mbolea, mwani wa nje unanenepa na kulifunika, na vitoto vya matumbawe vinakosa mahali pa kushika. Pono na tasi ndio wanaoula mwani huo na kuusafisha mwamba, lakini pono na tasi ndio hao hao tunaowavua na kuwala kwa ugali. Miamba ya matumbawe haifiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari, ila karibu robo ya aina za viumbe wa baharini wanaojulikana wanaitegemea kwa makazi au chakula. Na yale matumbawe makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Tumbawe la kimo cha mtu mzima lilikuwepo kabla ya Mjerumani kuingia Pangani.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, mdogo wangu alinichukua hadi Maziwe wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa. Alinionyesha tumbawe moja lenye ukubwa wa sufuria ya pilau. Upande mmoja ulikuwa hai, wa rangi ya kahawia, na ukiinama unaviona vitundu vyake vidogo vidogo kila kimoja na kinywa chake. Upande wa pili ulikuwa umeota mwani mrefu wa kijani, unateleza ukiushika. Pembeni yake, kwenye tumbawe la matawi, kifungashio kilikuwa kimejizungusha. Tulipokitoa taratibu, tawi lililokuwa chini yake lilikuwa jeupe, limekufa. Kifungashio kama kile ndicho tunachofungia vitunguu na dagaa hapa sokoni kila siku, ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Nilipofika ofisini kwako niliambiwa bwawa linachuja kila kitu. Bwawa linazuia tope zito na taka nyingi, ni kweli, na wavuvi wa perege wa Nyumba ya Mungu ndio wanaoanza kuumia kwa ajili yetu. Lakini bwawa si chujio la choo. Kilichokwisha kuyeyuka ndani ya maji hakibaki chote pale, na plastiki ikipigwa na jua inavunjika vipande vidogo vinavyosafiri na maji. Halafu chini ya bwawa kuna miji mingine, nayo inatupa vilevile, kwa sababu kila mji unadhani bahari iko mbali.

Niliambiwa pia kwamba kinachoua matumbawe ni joto la bahari, na kwamba hilo mimi na wewe hatuliwezi. Joto linaua. Mwaka 1998 pwani yetu ilipoteza matumbawe mengi sana kwa kupauka, yaani kupoteza ule mwani wa ndani na kubaki meupe, ikaja 2016, ikaja tena 2024. Baruti ya kuvulia samaki nayo imevunja sana. Lakini mwamba uliopauka unaweza kupona ukipewa maji safi na samaki wa kuusafisha. Ukiupiga kwa joto kisha ukaumwagia uchafu, unaukatia tamaa. Joto la dunia nzima silileti kwako, Mheshimiwa. Ghuba liko chini ya saini yako.

Mimi mwenyewe naipata hasara hiyo kila basi la Tanga linapoingia. Zamani deli likifunguliwa unakuta changu wa kujaza sinia, na chewa juu. Sasa nafungua nakuta vichangu vya kiganja, barafu ni nyingi kuliko samaki, na nauli ya mzigo ni ile ile. Wateja wamehamia kwa sato wa Mwanza. Mdogo wangu ameuza dau la baba, anavua kwenye chombo cha mtu. Mimi nimeingia mikopo ya kausha damu ili mtoto amalize kidato cha nne, na wale jamaa hawasubiri mwamba upone. Sisemi yote hayo ni kosa la ghuba moja. Nasema mto wetu una mchango wake, na mchango huo unaweza kusimamishwa hapa hapa Arusha bila kungoja mfadhili.

Kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa ulisimama ukatuahidi ghuba litahamishwa kabla ya masika. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Mwenyekiti alikukumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukajibu kwamba sheria unaijua. Ghuba lile halifiki hata mita 20. Masika yameingia, yamelibomoa, na jana nimeona mafundi wameshusha matofali pale pale. Mheshimiwa, mnalijenga upya mahali pale pale?

Usilijenge pale. Kwa heshima zote nakuomba, matofali yale yaondolewe. Mtaa umeshatoa eneo jingine mbali na mto, wewe mwenyewe ulipelekwa ukaliona. Gari la taka lije kwa ratiba, maana tunalipia ushuru wa taka kila mwezi na risiti tunazo. Yale magari ya maji taka yanayomwaga usiku chini ya daraja yakamatwe, namba zake walinzi wa mtaa wanazo. Lakini kama huwezi yote hayo kwa pamoja, basi fanya hilo la kwanza tu: usilijenge pale.

Naomba tarehe ya kuhamisha ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, yenye mhuri, kabla mafundi hawajaanza msingi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza samaki, mkazi wa kando ya Mto Themi, Arusha