Barua ya wazi kwa Waziri wa Vijana: mkataba wa miezi sita haumlei kijana

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MIKATABA YA WALEZI WA VIJANA WAHAMIAJI

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mmoja wa walezi wanaozunguka jioni kwenye vituo vya mabasi na viwanja vya mpira, kuwatafuta vijana wa familia za wahamiaji ambao shule imeanza kuwapoteza. Ripoti zetu zinakufikia: waliofikiwa, waliohudhuria, waliorudi darasani. Sasa wizara inaandaa mikataba mipya, na tunasikia itakuwa ya miezi sita sita kama iliyopita. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kijana wa miaka 15 haji kwenye kituo chetu cha vijana kutafuta ushauri. Anakuja kuchaji simu. Anakaa karibu na soketi, kofia ya sweta kichwani, salamu anaitikia kwa kidevu. Wiki zinapita hivyo. Halafu jioni moja anatoa barua kwenye begi, imekunjwa mara nne, anauliza kama ni kweli wanaweza kutolewa kwenye nyumba. Barua ni ya mama yake. Kumbe yeye ndiye msomaji wa barua zote za nyumbani, na ndiye anayempeleka mama hospitali kumtafsiria daktari mambo ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia. Siku hizo ndizo shule inazoandika kwamba ametoroka.

Kazi yenyewe inaanzia hapo. Mlezi anakwenda shuleni kueleza zile siku, anamtafutia mama mkalimani mtu mzima, kisha anaomba kuonana na baba. Hapo ndipo pagumu. Baba anafanya kazi usiku, na aliyekuwa msemaji wa familia sasa hawezi kujaza fomu bila mwanawe. Heshima ikimponyoka anaidai kwa ukali, na kijana anahamishia maisha yake nje. Huko wapo wanaomngoja. Wanaongea lugha yake, wana hela ya kumpa leo hii, na hawafungi ofisi saa kumi na moja.

Basi ni wakati huo huo, Mheshimiwa, ambapo mkataba wa mlezi unakwisha.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha matokeo ya vijana 1,138 walioomba kupewa walezi wa kujitolea. Waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulikatika mapema sana walirudi nyuma katika baadhi ya vipimo, ikiwemo jinsi wanavyojithamini. Kwa hiyo mlezi wa muda mfupi anaweza kumwacha kijana pabaya kuliko alipomkuta. Na hawa wetu wengi wameshaacha nyuma bibi, walimu na marafiki kabla hawajatufikia sisi.

Najua jibu la maofisa wako: taarifa zote zimo kwenye faili, mlezi mpya atasoma. Faili litasomwa, sikatai. Ila yule kijana hakulionyesha faili ile barua.

Tena naomba bajeti isiishie kwenye majengo, maana jengo ndilo linalopendeza siku ya uzinduzi. Uswidi waliwafuatilia wavulana kwa miaka 20, na matokeo yaliyotoka 2001 yalionyesha kwamba waliozoea kwenda kwenye vituo vya burudani visivyo na mpangilio walikuwa wepesi zaidi wa kuingia kwenye uhalifu. Meza ya biliadi bila mtu mzima anayejua majina ya waliopo ni kijiwe chenye paa.

Liko na lingine. Mara kwa mara tunaombwa orodha ya majina pamoja na hali ya makaratasi ya wazazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 2, unataka mtoto alindwe asibaguliwe wala kuadhibiwa kwa sababu ya hali ya wazazi wake. Siku watakayosikia kwamba daftari la kituo linasomwa na watu wa uhamiaji, hatabaki hata mmoja wa kuchaji simu.

Ninachoomba ni hiki: mkataba wa mlezi usipungue miaka miwili, na anayeondoka apewe muda wa kumtambulisha anayempokea, wakae na kijana wote wawili kabla ya kuagana. Vituo viwe wazi jioni na wakati wa likizo. Majina yabaki kituoni. Na kwenye ile fomu ya robo mwaka, ambako sasa tunajaza idadi ya waliohudhuria, iongezwe safu moja: ni vijana wangapi bado wako na mlezi yuleyule waliyeanza naye.

Wako mtiifu,
Mlezi wa vijana mtaani